Mtungi Uliobebwa kwa Machela

Nimeacha kupika wanzuki tangu masika yaliyopita. Kazi haijanichosha. Magoti ndiyo yamekataa kuchutama mbele ya mtungi, na pombe ya asali haipikwi kwa kusimama. Ninyi mabinti mliobaki na mitungi yangu mmenisumbua niwaandikie nilivyoanza. Basi naandika. Niliishia darasa la pili, tena hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande isomeni hivyo hivyo. Habari za nani alinunua kiasi gani hazimo humu. Nyumba niliyojenga mnaiona.

Niliolewa na Filbert upande wa Gwarama, huku Kibondo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Filbert alikuwa mtu wa mizinga. Mingine aliichonga kwa magogo, mingine aliitengeneza kwa magome ya miyombo, akaitundika porini juu ya miti ambayo mimi hata kuitazama shingo iliuma. Siku ya kwanza aliporudi na asali baada ya mimi kuingia kwake, mama mkwe alinisukumia mtungi kwa mguu akasema, "Haya, bibi harusi, tuone kama kwenu ulifundishwa kazi au ulifundishwa kujipaka mafuta."

Kwetu tulipika pombe ya ndizi. Asali tuliilamba tu. Nikachanganya asali na maji kwa kukisia, nikatia kimea kingi nikidhani ndiyo bidii, nikafunika. Mama mkwe alipoonja alitema nje ya mlango. "Hii mpe mbwa," akasema, "ila usimwambie ni mimi niliyekutuma." Mbwa naye alinusa akaondoka. Nimewaeleza hilo kwa sababu juzi mmoja wenu alilia mtungi ulipochacha. Lia ukimaliza kuosha mtungi.

Mama mkwe alikuwa na ulimi mkali lakini hakuficha kitu. Alinionyesha maji ya chemchemi, yapashwe moto mpaka yawe ya kumwogeshea mtoto, yasizidi hapo. Masega yaoshwe ndani ya maji hayo, nta itolewe ikaushwe kwa kazi nyingine. Ule unga mchungu wa njano ambao nyuki huweka akiba kwenye vitundu usitupwe, maana ndio unaoamsha pombe. Kimea cha mtama mwekundu kiwe kidogo, cha kusaidia tu. Kisha mtungi ukae karibu na jiko, usikie joto bila kuungua. Hiyo ndiyo wanzuki iliyonywewa kwetu: tamu leo, kali kesho, siki keshokutwa. Kwa kuwa iliharibika haraka watu waliinywa haraka, wakalewa haraka, wakagombana haraka. Mama mkwe alikuwa mwalimu wangu wa kwanza, namshukuru kwa kila neno, hata yale mabaya.

Mwalimu wa pili alikuja kwa miguu kutoka Burundi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, watu walipovuka mpaka kwa wingi. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya mbali. Wengine walibaki kwa wenyeji waliowapokea, maana Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Mzee Bernadi alifika na binti yake Anastazia, na blanketi moja kati yao. Mke wake na ndugu zake hakuwataja, nasi hatukumwuliza. Jirani yetu Sadoki alimpa kibanda na kipande cha shamba, naye akaanza kusuka vikapu.

Siku moja nilimpelekea kata ya wanzuki kama tunavyompelekea mgeni. Akanywa kidogo. Nikamwuliza, "Vipi mzee, mbaya?"

"Asali ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ila umeikimbiza. Inakwenda wapi?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshasifiwa na kijiji kizima wakati huo. Nikamwambia kama anajua zaidi aje apike. Akaweka kata chini, akainuka, akaja.

Mzee Bernadi hakukisia kipimo. Alitumia yai la kuku, bichi, la siku ile. Unalitumbukiza kwenye maji ya asali. Likizama, asali haitoshi. Likielea na kutoa kichwa kikubwa, umezidisha. Unataka utosi wake uonekane juu ya maji kwa upana wa kucha ya kidole gumba, basi. Mama mkwe alisimama mlangoni akasema hajawahi kuona mwanamume anayeomba ruhusa kwa yai. Mzee akamjibu bila kugeuka, "Yai halijawahi kunigombeza, mama." Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mtungi wenyewe aliuandaa kabla. Aliupasha moto, akayeyushia nta ndani, akauzungusha mpaka ukuta wote ukanywa nta. Halafu akaufukiza moshi wa kuni za mti wa mwomboyombo. Pombe ikachemka yenyewe karibu na jiko, na kila asubuhi aliweka sikio ubavuni mwa mtungi. Mimi nilimwona kama mganga. Lakini wekeni sikio, mtasikia: mwanzo ni kama maharage jikoni, baadaye ni kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, mwishoni kimya. Kabla ya kimya usifunge. Sadoki alijifanya mwerevu akafunga wa kwake mapema, ukapasuka wakati familia inakula, na kuku wake wakalewa machicha wakawa wanapanda kitandani.

Ikishanyamaza, unaihamisha kwa mrija wa tete kwenda mtungi wa pili, polepole, machicha yabaki nyuma. Ndipo unafunika kwa mbao, unaziba kwa nta, juu ya nta unaweka udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi. Unachimba shimo kwenye sakafu ya nyumba, ndani kabisa, mbali na mlango, unamwaga majivu chini, unaukalisha mtungi, unafukia mpaka shingoni. Halafu unausahau. Hapo ndipo kazi ilipo. Kupika nilijifunza kwa msimu mmoja. Kusahau kulinichukua miaka. Nilikuwa napita pale nauangalia kama mtoto mgonjwa, na mzee ananiambia, "Mwache alale."

Tulipoufungua ule wa kwanza msimu wa asali ulikuwa umezunguka ukarudi. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, unaona mpaka chini ya kata. Iliteremka bila kukwaruza, halafu harufu ya maua ya miyombo ikarudi puani baada ya kumeza. Filbert alikunywa akaketi. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa napanda miti bure." Mama mkwe alinyoosha kata aongezewe, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote nilizopata.

Anastazia alikua, akapata mchumba, kijana wa Kasulu aliyekuja huku kwa shughuli za kununua maharage. Familia ya kijana ilikuwa kubwa, ya baba wadogo na wajomba wasiohesabika. Walituma ujumbe kwamba watakuja kwa mzee kuomba rasmi, kisha ndoa ifuatie. Mzee Bernadi alifurahi, halafu akapoteza usingizi. Kwa desturi yetu na yao, siku ya kuomba wageni hukaa upande mmoja wa ua, na watu wa baba wa binti hukaa upande mwingine. Upande wa mzee angekaa nani? Yeye na kiti chake. Binti ambaye baba yake hana watu huolewa, ndiyo, lakini huko aendako akionewa nani atauliza?

Alinijia akasema, "Watu sina. Nitawapokea kwa wanzuki ambayo Kasulu hawajaionja. Wakiinywa watajua binti huyu ametoka kwa mtu."

Tukapika pamoja, asali bora ya Filbert, ile ya mwisho wa masika. Tukaufukia mtungi ndani ya kibanda chake. Ulikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kufunga. Anastazia alikuwa analala mkeka mmoja na mahari yake, kama Filbert alivyomtania.

Kabla mtungi haujakomaa ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, ng'ambo ya bonde, nyumba kwa mistari. Mliozaliwa baadaye mmesoma shuleni habari za vijiji. Sisi tulihama na milango vichwani. Watu waling'oa nguzo zao, wakabeba kuku na mawe ya kusagia. Mzee aliuacha mtungi ardhini, kwa sababu wanzuki inayolala haitingishwi. Ukiitingisha, mashapo ya chini yanapanda, inakuwa na ladha ya chuma na tope. Mpango ulikuwa tuufuate ukishakomaa.

Halafu tukasikia mahali tulipohama pote patakuwa shamba la kijiji, na trekta liko njiani kutoka Kibondo.

Tulikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, mimi na mzee. Alikuwa kijana bado, mwenye baiskeli na shati la mifuko minne, mtu mwadilifu lakini mkavu. Nikamweleza.

"Dada Yusta," akasema, "unataka nisimamishe trekta la serikali kwa ajili ya chungu cha pombe?"

"Si chungu, ndugu Mwenyekiti. Ni mtungi. Tena ni wa posa."

"Posa si wapike nyingine?"

Mzee Bernadi akasema, "Hii haipikwi, ndugu. Hii inangojwa."

"Na trekta halingoji," akasema Mwenyekiti, akapanda baiskeli. Hata hivyo alikuwa amesema ukweli, na sisi tukautumia. Tulikuwa na siku ile na kesho yake tu kabla trekta halijafika.

Filbert alitaka tuufunge kwenye mti aubebe na Sadoki begani, kama wanavyobeba mbuzi wa sikukuu. Mzee alikataa. Alikaa chini, akafikiri, kisha akamwomba Sadoki ile ingobyi yake. Mnaijua, machela ya kusuka, yenye miti miwili, tunayowabebea wagonjwa na kina mama waliozidiwa. Mtu aliyelala humo hatikisiki kama wabebaji wanajua kukanyaga. Tukachimba taratibu kwa mikono, bila jembe, tukauinua mtungi kama tunavyomwinua mgonjwa, tukaulaza kidogo tu ukiegemea mto wa nyasi. Jua lilikuwa kali, na joto ni adui wa wanzuki, basi tukaufunika blanketi. Filbert mbele, Sadoki nyuma. Mzee alitembea ubavuni ameshika ukingo. Mimi nilifuata na kanga yangu mabegani.

Sikufikiria tunavyoonekana. Naapa, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Watu wawili waliotoka kuchimba mihogo wakatuona. Huku kwetu, ukikutana na ingobyi njiani unatua mzigo wako na kushika mti kwa kipande cha njia. Huulizi ni nani kwanza, unabeba. Wakatua mihogo, wakasogea, wakawapokea Filbert na Sadoki bila salamu ndefu. Ndipo mmoja akamwambia mzee kwa sauti ya chini, "Pole sana, mzee. Ni nani?"

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama njia.

"Ni wa kwangu," akasema.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Hatakiwi kutikiswa."

Mtu yule akaitikia kwa kichwa, akaanza kukanyaga kama anatembea juu ya mayai. Filbert alijifuta jasho akanijia karibu. "Tuwaambie?" Nikamwambia ukiwaambia watautua hapo hapo, na wewe mabega yako yameisha.

Mbele, penye mto, wakatupokea wengine, na mbele tena wengine. Mama mmoja alinishika mkono akanipa ndizi mbivu, akaniambia nijikaze. Sikujua niziweke wapi, ndizi na uso wangu. Bibi mmoja akasema, "Maskini, amevimba tumbo," nikalazimika kujifunika kanga mdomo, naye akanipapasa mgongo akidhani nalia.

Kwenye kilima cha mwisho akatokea Mwenyekiti na baiskeli yake. Aliteremka, akavua kofia, akanikabidhi mimi baiskeli, akaingiza bega chini ya mti wa mbele. Alibeba kilima chote yeye. Alipofika juu shati lilikuwa limeloa.

"Mbona njia ya hospitali mmeiacha?" akamwuliza mzee.

"Hahitaji hospitali. Anakwenda nyumbani."

Mwenyekiti alielewa alivyoelewa. Alishika mwendo wa pole, na mara moja nilimsikia anamwambia mwenzake wa nyuma, "Taratibu, ndugu. Taratibu na mgonjwa wa watu."

Tukafika kibanda kipya cha mzee. Shimo lilikuwa tayari ndani. Tukatua. Mwenyekiti akapiga goti amsalimie mgonjwa kama adabu inavyotaka, akainua pembe ya blanketi.

Alikaa vile vile, goti moja chini. Wabebaji wengine walichungulia juu ya bega lake.

"Mzee," akasema. "Umenibebesha pombe."

"Nilisema ni wa kwangu," mzee akajibu. "Sina mwingine wa kumbeba."

Hakuna aliyecheka. Katika kijiji kipya pombe saa za kazi ilikuwa kosa, na mtu huyu angeweza kuuvunja mtungi kwa teke moja na sheria ikawa upande wake. Akasimama, akachukua kofia, akachukua baiskeli yake mikononi mwangu. "Nitarudi kumjulia hali," akasema, akaondoka. Wale wengine nao wakaondoka. Sadoki akasema, "Tumekwisha. Mtu akisema hivyo kwa sauti ile, anarudi na mgambo."

Tukaufukia mtungi. Kwa majuma mengi kila nilipoona baiskeli nilisimama. Mzee hakuogopa kunyang'anywa kama alivyoogopa kwamba umetikisika. Alikuwa analala chini, sikio kwenye udongo. Nilimwambia pombe iliyokwisha kunyamaza haisemi kitu. Akaniambia anajua, lakini anasikiliza kama imeanza tena kusema.

Siku ya posa ikafika. Wageni wa Kasulu waliteremka kwenye lori na nguo zao zote nzuri, baba wadogo, wajomba, mashangazi wenye miavuli. Wakajaza upande wao wa ua mpaka wengine wakasimama. Upande wa mzee tulikuwa mimi na Filbert, mama mkwe wangu, na Sadoki na mkewe. Mabenchi tuliyoazima yalikuwa matupu, na afadhali tusingeyaazima. Mshenga wa Kasulu, mzee mnene mwenye fimbo, akayatazama mabenchi yale, akamtazama Bernadi, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Tusubiri watu wako, au tuanze?"

Mzee Bernadi alifungua mdomo. Ndipo Mwenyekiti akaingia.

Hakuja na mgambo. Alikuja na jogoo kwapani. Nyuma yake walikuwa wale wawili wa mihogo, na yule bibi aliyesema tumbo limevimba, na mkungu wa ndizi kichwani, na wale wa mtoni, na wa kilimani, kila aliyeshika mti wa ile ingobyi na wake zao na maharage na unga. Maana desturi haikuishia njiani: ukimbeba mgonjwa, humwachi hapo, unarudi na kitu mkononi kumjulia hali. Walipita mbele ya wageni wakasalimu, wakaenda moja kwa moja upande wa mzee, wakakaa. Mabenchi hayakutosha. Mwenyekiti alikaa chini.

Mama mkwe akaniambia sikioni, "Funga mdomo, unaingiza nzi."

Mzee akaufungua mtungi. Mimi nilimshikia kata. Kwa desturi mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wote. Alionja, akafumba macho. Mimi nilionja baada yake. Nawaambia ninyi ukweli wa kazi kwa kuwa ndiyo faida ya kuandika: ilikuwa na ukungu kidogo. Safari ilikuwa imeigusa. Haikuwa safi kama ule mtungi wa kwanza. Lakini ilikuwa nzuri, na katika maisha yangu yote sijaonja nyingine niliyoishukuru zaidi.

Desturi inasema kata ya pili ni ya mshenga. Mzee hakumpa. Alianza na upande wake. Alimpa Filbert, akampa Sadoki, akawapa wale wa mihogo, akafuata mmoja mmoja vile walivyopokezana njiani, bila kukosea hata mtu. Mshenga alingoja fimbo ikiwa imesimama katikati ya magoti. Mwenyekiti alipofikiwa alikunywa yote, akapangusa mdomo, akamwambia mzee kwa uso ule ule mkavu, "Mgonjwa anaendelea vizuri."

Mshenga hakuweza kuvumilia tena. "Mzee Bernadi," akasema, "kule kwetu tuliambiwa umekuja nchi hii peke yako. Hawa wote ni nani?"

"Ni watu wangu," mzee akasema. "Walinibebea."

Wageni wakadhani anazungumzia mambo ya ukoo, wakaitikia kwa heshima. Pombe iliyobaki kwao haikuwa nyingi, wakainywa bila kulalamika, na mazungumzo yao baada ya hapo yakawa na adabu sana. Anastazia aliolewa Kasulu, akazaa huko, na hakuna aliyethubutu kumnyooshea kidole. Mzee Bernadi tumeshamzika hapa hapa, Mwenyekiti akiwa mmoja wa waliobeba. Nami kila niliposhuka Kasulu kuuza mitungi yangu, wale wakwe walinipa kiti cha mbele, wakawaambia watoto wao waniamkie vizuri, maana bibi huyu ni wa ukoo wa Bernadi, na ukoo ule wa Kibondo ni mkubwa mno.